Kwa nini meneja apunguze faida inayomlipa bonasi?

Mkuu, umeuliza inakuwaje meneja anayelipwa bonasi kutokana na faida aishushe faida hiyohiyo kwa makusudi. Mtafiti wa uhasibu Paul Healy alilichambua hilo mwaka 1985, akitumia mikataba ya bonasi ya kampuni kubwa za Marekani.

Siri ni kwamba mikataba hiyo huwa na sakafu, na mingine ina dari pia. Tuseme (namba zangu hizi) bonasi inaanza faida ikifika milioni 100 na inagota kwenye 200. Desemba imefika, mko 60. Hata ajipinde vipi, 100 haifiki. Basi anaona bora kuzama kabisa: anafuta madeni ya wateja wasumbufu sasa hivi, anashusha thamani ya mzigo uliolala stoo. Gharama hizo zikiliwa mwaka huu, mwakani njia nyeupe. Mkishapita 200, hivyohivyo; ziada haimwongezei hata senti, kwa hiyo anaisogeza mbele. Ni pale katikati tu ndipo anapoivuta juu.

Na pesa benki ni ileile, kinachohama ni makadirio. Ndiyo maana wakaguzi wanaumiza kichwa.

Ila usiimeze nzima. Mwaka 1995 Holthausen, Larcker na Sloan walirudia kazi hiyo wakiwa na takwimu za kina zaidi: ya dari waliyaona, ya sakafu hawakuyaona. Mimi naamini zaidi hao.

Mkataba wa bosi wako una dari? Anzia hapo.