Maswali ya Wasomaji: Brazil na kura ya asiyejua kusoma

SWALI: Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wamesoma habari za mkutano wa TANU uliofanyika hapa Tabora Januari 1958, chama kilipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja), ingawa masharti ya elimu na kipato yaliwaacha nje Waafrika wengi. Mmoja akauliza: Brazil ilifuta utumwa 1888, mwaka uliofuata ikamwondoa mfalme. Je, waliokuwa watumwa walianza lini kupiga kura?
Mwalimu wa historia, Tabora

JIBU: Mwalimu, mwanamume aliyejua kusoma na kuandika alikuwa na haki hiyo tangu jamhuri ilipoanza. Asiyejua, na hao ndio waliokuwa wengi mno kati ya walioachiwa huru, alisubiri hadi 1985. Si kosa la uchapaji.

Mwanafunzi wako aanzie 1881. Kabla ya hapo uchaguzi ulikuwa wa ngazi mbili, yaani wananchi walichagua wajumbe, nao wajumbe wakachagua wabunge, na watu wapatao milioni moja, karibu 10% ya wakazi, walikuwa na kura katika ngazi ya kwanza. Wengi wao hawakujua kusoma. Sheria ya Januari 1881 ilileta uchaguzi wa moja kwa moja, na kwa jina ilikuwa mageuzi. Kiwango cha kipato hakikupanda, kilibaki milreis 200 (fedha ya Brazil ya wakati huo) kwa mwaka. Kilichobadilika ni ushahidi. Kila mtu alitakiwa kuthibitisha kipato chake kwa hati rasmi, na kibarua wa shamba hati hiyo angeitoa wapi? Juu ya hapo, aliyejiandikisha upya alipaswa kujua kusoma na kuandika. Kufikia uchaguzi wa 1886 waliopiga kura walikuwa laki moja na ushee, chini ya 1% ya wakazi.

Kwa hiyo utumwa ulipofutwa tarehe 13 Mei 1888, mlango ulikuwa umeshafungwa. Sheria yenyewe, iliyotiwa saini na Binti Mfalme Isabel, ina vifungu viwili tu: utumwa umefutwa, na kila sheria inayopingana na hilo imefutwa. Ardhi, shule, fidia kwa waliofanyishwa kazi: hakuna hata neno.

Katiba ya jamhuri ya 1891 iliondoa sharti la kipato ikabakiza la kusoma. Katiba ya kifalme ya 1824 ilikuwa imeahidi elimu ya msingi bure kwa raia wote. Hii mpya haikuirudia ahadi hiyo. Wafundisheni wanafunzi wazisome katiba hizi mbili sambamba, kwa sababu dhuluma yenyewe iko hapo: dola inamdai mtu kisomo huku ikijivua wajibu wa kumsomesha.

Na hao wachache wenye kura hawakuwa huru nayo. Kura haikuwa ya siri. Tajiri wa mashamba, aliyeitwa koroneli, aliwapeleka watu wake kituoni kwa makundi, karatasi zikiwa zimeshajazwa. Jioni karani aliandika kumbukumbu za kituo, na humo marehemu na waliohama waliweza kuhesabiwa kuwa wamepiga kura. Mpinzani akishinda pamoja na hayo yote, matokeo yalikwenda kwa kamati ya Bunge lenyewe, ambayo ilikuwa na uwezo wa kukataa kumtambua. Ndiyo maana Kanuni ya Uchaguzi ya 1932 ni hatua kubwa: ilileta kura ya siri, kura ya wanawake, na mahakama za uchaguzi zilizowanyang'anya wanasiasa kazi ya kuhesabu. Asiyejua kusoma bado aliachwa nje.

Utawala wa kijeshi ulioanza 1964 ulipokwisha, marekebisho ya katiba ya Mei 1985 yalimrudishia asiyejua kusoma kura yake, akaitumia Novemba mwaka huo kuchagua mameya. Katiba ya 1988 inamruhusu kuchagua, lakini hadi leo haimruhusu kugombea.

Karatasi za kura nazo zilikuwa kikwazo kwake: kwa ubunge mtu aliandika jina au namba ya mgombea, na kura nyingi ziliharibika. Mashine zilizoanza 1996 na kuenea nchi nzima 2000 zina vitufe vya namba kama simu. Unabonyeza namba, picha ya mgombea inatokea, kisha unabonyeza cha kijani kuthibitisha au cha rangi ya chungwa kusahihisha. Kura zilizoharibika zilipungua sana, hasa kwa wenye kisomo kidogo.

SWALI: Ni kweli Brazil usipopiga kura unaadhibiwa?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Kweli, kwa wenye miaka 18 hadi 70. Wa miaka 16 na 17, waliozidi 70 na wasiojua kusoma wana hiari. Aliyekosa kura hueleza sababu ndani ya siku 60, ama alipe faini, ambayo ni ndogo sana. Kinachouma ni kingine: asiyemaliza deni hilo hapati pasipoti wala kazi ya serikali. Akikosa mara tatu mfululizo bila kueleza wala kulipa, anafutwa daftarini, na duru ya kwanza na ya pili zinahesabiwa mbali mbali.