Mnauliza, tunajibu: benchi zenye mlango kwa kanisa ya shamba

Jambo sana yaya. Mi niko fundi wa mbao huku Katuba, kazi yangu ni vitanda, milango na makabati, kanisa sijatengenezaka hata siku moja. Sasa kuko papa mumoja Mkatoliki, ana shamba kubwa njia ya Kipushi, anajenga kanisa ndogo pale kwa familia yake na wafanyakazi. Alinionyesha mafoto mu telefone, makanisa ya zamani ya mashamba ya matajiri kule Uingereza: mabenchi yamefungwa kama masanduku na mlango juu yake, moja iko hata na moto ndani, na mahali padri anahubiria ni ya ghorofa tatu. Anataka vile vile, sanduku kwa familia yake mbele na benchi za kawaida nyuma. Kutengeneza naweza, lakini ile mambo ilikuwa na kazi gani? Na padri atakubali kweli? (Fundi wa Katuba)

Jambo sana fundi. Kabla hujaenda kutafuta mbao ya mulombwa tuongee kwanza juu ya baridi, maana ukielewa baridi umeelewa nusu ya ile sanduku. Yale makanisa ni ya mawe, chini mawe, ukutani mawe, hakuna cha kupasha joto, upepo unapita chini ya mlango na mahubiri yanaweza kwenda saa nzima. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1600 watu wakaanza kujizungushia mbao ndefu, mara nyingi ukikaa ndani hata kichwa chako hakionekani, na mlango unaufunga upepo ubaki nje. Tajiri mwenyewe wa shamba alienda mbali zaidi, anawekewa mahali pa moto kabisa na bomba lake la moshi, na wanahadithia mpaka leo kwamba bwana akichoka mahubiri anachokora makaa kwa kelele, padri anaelewa, anakata.

Sisi hapa Lubumbashi baridi ni asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, saa nne jua limetoka umeshavua koti. Sasa wewe ufungie mama na watoto wake mu sanduku mwezi wa 10, na ile jua yetu, na malata juu! Watatoka wameiva.

Nusu ingine haina baridi ndani yake. Kule Croft-on-Tees, kaskazini ya Uingereza, kuko sanduku la familia ya Milbanke, la miaka ya 1600, limeinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi kama unaenda kulala orofani, na mapazia yako. Walikaa kule juu wanaangalia vichwa vya wengine. Na kumbuka mwenye shamba ndiye mwenye ardhi, ndiye mwenye nyumba ambamo wale watu wa benchi za nyuma wanalala, na mara nyingi alikuwa hata na haki ya kuchagua padri wa pale, haki ambayo iliweza kuuzwa na kurithiwa sawa na ngombe. Ukimuudhi unapoteza nyumba na kazi siku moja. Ile mbao ilikuwa inasema hayo yote kila siku ya Mungu bila mtu kufungua mdomo, na nafikiri papa wako anaipenda kwa sababu hiyo hiyo hata kama hajajiambia.

Umuambie pia kwamba Waingereza wenyewe waliyachoka. Mwaka 1839 vijana wa chuo kikuu cha Cambridge walianzisha chama cha kurudisha makanisa kwa sura ya zamani, na kitu walichochukia kuliko vyote ni yale masanduku, basi mu miaka iliyofuata yaling'olewa karibu kila mahali, wakaweka benchi wazi zinazoangalia altare. Mafoto anayokuonyesha ni ya machache yaliyobaki, mara nyingi kwa sababu hakukuwa na pesa ya kubadilisha.

Kuhusu padri, hapo mi sina wasiwasi na jibu. Mtaguso wa Vatikano wa pili, ule mkutano mkubwa wa maaskofu Wakatoliki, mu hati yake ya liturujia ya 1963, namba 32, ulisema kwamba mu ibada hakuna heshima ya pekee kwa mtu binafsi wala kwa tabaka ya watu. Waziwazi hivyo. Na pia misa haisomwi mu kanisa ya nyumbani kwa mtu bila ruhusa ya askofu, kwa hiyo papa aende kuiomba mapema, asingoje kanisa imeisha ndio aanze kukimbia. Familia yake ikae benchi ya kwanza, hakuna atakayekataa, lakini benchi iwe ya urefu ule ule, bila mlango.

Ile ya kuhubiria ya ghorofa tatu hapana, hamna kazi nayo. Chini alikaa karani anayeitikia sala kwa niaba ya watu, katikati padri anasoma sala, akitaka kuhubiri anapanda juu kabisa ili awafikie wale waliojificha mu masanduku. Unaona, kitu kimoja kilizaa kingine: watu wangekuwa kwa benchi wazi padri asingehitaji kupanda miti. Lakini angalia vizuri mafoto, juu ya kichwa cha mhubiri mara nyingi kuko kifuniko cha mbao, kipana, kama mwavuli usio na mpini. Kile uiibe! Sauti inayotaka kupotelea mu paa inagonga pale inarudi chini kwa watu. Kanisa ndogo ya matofali, hakuna maikro, stima imekatika: utakuja kunishukuru. Mvua ikianza kupiga malata ni habari ingine, hapo mwavuli hautoshi, lazima papa alipe plafo ya mbao chini ya malata.

Akisema anataka dhahabu, maana hawa watu hawakosi kutaka dhahabu, umuhadithie Great Witley, kijiji cha Uingereza. Kanisa ya shamba la familia ya Foley, ilifunguliwa 1735, nje iko ya kawaida tu, ukiingia ni kama jumba la mfalme, nyeupe na dhahabu kila mahali, picha juu ya dari. Sasa sikiliza, zile picha za dari, za mchoraji Mwitaliano Bellucci, hawakuziagiza wao. Zilikuwa mu kanisa ya nyumba ya mkubwa mwingine, Cannons, karibu na London, na nyumba ile ilipouzwa kipande kipande mwaka 1747, Lord Foley wa pili akaenda pale kwa mnada kama mtu anachagua tombola, nguo za mitumba, akanunua picha za dari, akanunua na madirisha ya vioo vya rangi 10 yaliyotengenezwa kati ya 1719 na 1721, akayabeba kwake. Na yale maua na mapambo ya dhahabu unayofikiri ni chokaa iliyochongwa, ni karatasi! Karatasi iliyopondwa na gundi, ikashindiliwa mu kalibu, ikakauka, ikapakwa rangi. Ni nyepesi, haivunji dari, na iko pale mpaka leo. Nyumba kubwa iliyokuwa ya Foley yenyewe iliungua 1937, imebaki kuta tu, kanisa iliyo kando yake haikuguswa.

Kuta zenu zibaki matofali mekundu ya udongo wa kichuguu, kama nusu ya huu mji, musizipake kitu. Mwambie papa apite Katedrali ya Mtakatifu Petro na Paulo aone matofali yanaweza kusema nini yakiachwa yaseme. Na mbao uihakikishe imekauka, fundi, benchi ya kanisa ikipinda watu wataiona kila siku ya Mungu na jina lako litakuwa pale.

Mi ni mwanafunzi wa ujenzi, Bel-Air. Juu ya nini makanisa hayo yanakaa peke yake mu bustani ya tajiri, mbali na watu wanaosali ndani? (E.)

Kwa sababu yalikuwa ya kuangaliwa kupitia dirisha la sebule. Shamba la Croome kule Uingereza, kwa mfano, kanisa ya zamani ilikuwa karibu na nyumba, tajiri akaibomoa, akampa Capability Brown, fundi mkubwa wa bustani, kazi ya kujenga ingine juu ya kilima mahali inapendeza, ndani ikapambwa na arkitekte Robert Adam, ikaisha 1763. Lakini anayenichekesha ni Sir Lyonel Lyde wa Ayot St Lawrence. Kanisa ya kijiji ilimziba macho, akaanza kuibomoa, askofu akamsimamisha katikati ya kazi, na lile gofu liko pale hadi leo! Mpya alijengewa na arkitekte Nicholas Revett, 1778 na 1779, sura ya hekalu la Wagiriki, nguzo zinaangalia nyumba ya bwana. Upande unaoonekana kutoka nyumbani umepakwa chokaa vizuri, nyuma ni matofali matupu. Wewe ukija kuwa arkitekte na mteja akakuambia vile, umlipishe pande zote nne.

Yaya, mu mafoto ya makanisa ya namna hiyo naona mbao nyeusi zimetundikwa pembe juu pembe chini, zimechorwa ngao. Ni uchawi? (Mama wa Kamalondo)

Hapana mama, ni matanga. Mkubwa akifa walichora ngao ya ukoo kwenye ubao, wakautundika mbele ya nyumba yake miezi 6 hadi 12, halafu ukahamia kanisani. Hata bila kusoma neno unajua nani amekufa. Nyuma ya ngao ikiwa nyeusi yote, ni mtu asiye na mwenzi aliyebaki. Nusu ya kushoto kwako ikiwa nyeusi na ya kulia nyeupe, bwana amekwenda, bibi bado yuko.