Kabla hujahesabu vumbi, uliza setilaiti inapita saa ngapi

Wadogo zangu mnaoanza kusoma vumbi kwa setilaiti, hapa Goma mtaulizwa sana: kwa nini usome vumbi la Sahara wakati volkano ya Nyiragongo iko mlangoni? Jibuni kwamba jicho ni lilelile. Vumbi la jangwa na majivu ya volkano vina silika (madini ya mchanga), nayo humeza mawimbi ya joto yenye urefu wa maikromita 10.8 zaidi kuliko yale ya 12. Mawingu membamba ya barafu hufanya kinyume. Kwa tofauti hiyo ndogo, picha za setilaiti za Meteosat hupaka vumbi rangi ya waridi, mchana na hata usiku. Ukiizoea kwa vumbi, majivu hayatakuwa mageni kwako.

Lakini picha za setilaiti ziliwahi kunidanganya, na hapo ndipo nataka mnisikilize. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu dhoruba za mwezi Juni kwenye mpaka wa Mali na Algeria. Nilitumia picha za setilaiti ya Aqua peke yake, nikaandika kwamba siku nyingi zilikuwa shwari. Mwalimu wangu alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza: "Inapita saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Aqua ilikuwa ikipita saa 7:30 mchana. Kule, majira ya mvua, dhoruba nyingi huzaliwa jioni: mvua ya radi hushusha hewa baridi, hewa hiyo inakimbia juu ya ardhi na kuinua ukuta wa vumbi unaoitwa habubu. Huenda usiku kucha, mara nyingi chini ya wingu lenyewe. Picha ya mchana haiwezi kuiona. Bonde la Bodélé, nchini Chad, mambo ni mengine: upepo unaobanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi huwa mkali asubuhi, jua likishachomoza, na unapeperusha udongo mweupe wa ziwa la kale lililokauka. Eneo moja linataka uangalie asubuhi, jingine usiku. Meteosat za kizazi cha pili hupiga picha kila dakika 15; anzeni nazo.

Tangu siku ile, siku iliyofunikwa na wingu naiandika "haikuonekana". Siandiki "hapakuwa na vumbi". Hewa ikiwa na unyevu mwingi pia, rangi ya waridi hufifia, kwa hiyo iandikeni hivyohivyo.

Kimo cha vumbi, Meteosat haikupi vizuri. Setilaiti ya CALIPSO, iliyofanya kazi kuanzia 2006 hadi 2023, ilipima kimo kwa mwali wa leza, ila kwenye mstari mwembamba tu chini yake. Setilaiti ya EarthCARE imechukua kazi hiyo tangu 2024.

Na ndege? Ndege inaingia ndani ya vumbi lenyewe, lakini hata yenyewe ina upofu wake. Bomba linalovuta hewa hupoteza chembe kubwa njiani. Katika utafiti wa Fennec juu ya Sahara, mwaka 2011, ndege iliyobeba nje, kwenye bawa, vifaa vinavyopima chembe kwa mwanga ilikuta chembe kubwa nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Mkisoma takwimu za ndege yoyote, tafuteni kwanza hewa iliingiaje.

Kuhusu mega za intaneti: picha za setilaiti ni bure, kuzipakua siyo. Kateni eneo lenu kwanza, msishushe picha ya Afrika nzima mara 96 kwa siku.