Maswali ya wasomaji: Ulimwengu wa Tolkien mezani kwetu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko vijana watano wa Mikumbi, Lindi. Tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa kanuni za Dungeons & Dragons, na sasa tumeuhamishia kwenye ulimwengu wa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings. Ramani tunayo, majina tunayo, lakini mchezo haunogi. Mchawi wetu anamaliza kila jambo kwa moto, na safari ya wiki tatu inakwisha kwa sentensi moja. Halafu mwenzetu mmoja anataka tuchape kijitabu tukiuze stesheneri. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mmehamisha majina, gharama mmeziacha. Kila ulimwengu wa kubuni una kitu kinachowauma watu wake, na kanuni za mezani zisipokigusa, mtabaki na ramani tu.

Dungeons & Dragons, tangu Gary Gygax na Dave Arneson waitoe mwaka 1974, ni mchezo ambao mchawi hutumia uchawi wake, akalala, akaamka nao tena. Kwa Tolkien wachawi waliotumwa ni watano tu, na Gandalf, anayejulikana zaidi kati yao, kazi yake kubwa ni kushauri na kuwatia watu moyo. Kinachouma kule ni mwendo mrefu na roho inayochoka.

Wachapishaji Iron Crown Enterprises walipotoa mchezo wao wenye leseni ya ulimwengu wa Tolkien mwaka 1984, waliweka hadithi nyingi kwenye miaka ya 1640 ya Enzi ya Tatu ya ulimwengu huo, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya safari ya Frodo, shujaa wa The Lord of the Rings. Hilo nalipenda sana, maana hakuna mchezaji anayekaa nyuma ya shujaa ambaye mwisho wake unajulikana. Igeni. Kwenye kanuni, waliopatia zaidi kwa maoni yangu ni wa The One Ring, mchezo mwingine wa ulimwengu huo, mwaka 2011. Mhusika ana Tumaini, na ana Kivuli kinachomwelemea. Safarini kila mmoja ana kazi yake: kiongozi wa njia, mpelelezi, mlinzi, mwindaji.

Nyinyi mna wachezaji wanne na msimamizi mmoja, kwa hiyo gaweni kazi hizo nne. Kila mtu aanze na pointi nane za Tumaini. Kurudia kurusha dadu, pointi moja. Mchawi akiwasha moto, mbili. Na hazirudi kwa kulala usiku mmoja, mpaka wafike nyumba ya amani na kula pamoja. Hesabu hizi ni zangu, zirekebisheni mnavyoona.

Mezani kwetu Shangani, Mtwara, binti mmoja alibakiwa na Tumaini moja, mlima uko mbele, mwenzake ameumia mguu. Aliifumbata dadu ya pande 20 kiganjani, akakaa kimya, kisha akairudisha mezani bila kuirusha. Akasema, "Nambeba, tunashuka." Hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa Tolkien. Kanuni ndiyo iliyomfikisha pale.

Kijitabu msikichape. Kucheza sebuleni hakuna atakayewadai, kuuza ni jambo jingine. Toleo la kwanza la Dungeons & Dragons lilikuwa na hobbit (mtu mfupi) na balrog (jitu la moto), viumbe wa Tolkien; wenye haki walipolalamika, majina yakaondolewa, na hobbit akawa halfling. Iron Crown nao, pamoja na leseni yao, waliipoteza mwaka 1999 na vitabu vile vikaishia hapo. Kanuni zenyewe za Dungeons & Dragons ni rahisi zaidi: Januari 2023 hati ya msingi iitwayo SRD 5.1 iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, unaitumia hata kibiashara mradi utaje chanzo. Ila hati hiyo haiwapi Gandalf.

Mkitaka cha kuuza, Kilwa Kisiwani iko mkoani kwenu. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na magofu ya jumba la Husuni Kubwa bado yamesimama. Sultani, dhahabu ya bandari ya Sofala, majahazi: hakuna wa kumwomba leseni. Gharama mnayo tayari, nayo ni upepo. Kaskazi huwaleta wageni, kusi huwarudisha, na chombo kilichochelewa hukaa bandarini mpaka msimu ugeuke, huku wenyeji wakizidi kuwauliza wahusika wenu wanafanya nini pale. Andikeni kanuni hiyo kwanza, kabla ya panga na majini. Mkiimaliza nitumieni, nitaijaribu na kundi langu Ijumaa baada ya Isha.