Maswali Yenu: Ua wa maskani, fedha ya vitako na mkono wa Uza

Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha shule ya Jumapili. Tulijaribu kuchora maskani ya Musa (hema la ibada la Waisraeli jangwani) kwa ukubwa wake kwenye uwanja wa kanisa ili watoto watembee ndani. Ua ulipinda, na baada ya kusimika nguzo zote, nne zikatubaki mkononi. Tulikosea wapi?
*Mwalimu, Njombe*

Amina, mwalimu. Hizo nguzo nne ni za kona, mlizihesabu mara mbili. Kitabu cha Kutoka, sura ya 27, kinataja nguzo 20 kusini, 20 kaskazini, 10 magharibi na 10 mashariki (3 kila upande wa lango, na 4 za lango lenyewe). Ukiweka 20 kutoka kona hadi kona, utapata nafasi 19 tu, na kona ileile utaihesabu tena kwenye upande unaofuata. Anzia kona moja, zunguka ua mzima ukiacha dhiraa 5 (dhiraa ni kipimo cha kale cha urefu) kati ya nguzo na nguzo, na kila kona ihesabiwe mara moja. Mzunguko ni dhiraa 300, kwa hiyo nguzo 60 zinaenea bila kubaki hata moja.

Dhiraa ifanyeni sentimita 45. Ua wa dhiraa 100 kwa 50 unakuwa mita 45 kwa 22.5, na nguzo zinaachana kwa mita 2.25. Nusu ya uwanja wa mpira inatosha. Ili kona isipinde, pima mita 3 kwenye kamba ya upande mmoja na mita 4 kwenye ule mwingine. Kati ya alama hizo mbili pawe mita 5 kamili. Kona zote nne zikikamilika, pima mshazari kwa mshazari. Kila mmoja uwe kama mita 50.3. Ikitofautiana, msimwage chokaa kwanza, rudieni kona.

Ukubwa wa hema yenyewe unapatikana kwa kuhesabu mbao za kuta zake. Mbao 20 zenye upana wa dhiraa moja na nusu zinatoa urefu wa dhiraa 30, yaani mita 13.5. Upande wa magharibi una mbao 6 na mbili za pembeni, na kwa kawaida upana wa ndani huhesabiwa dhiraa 10, mita 4.5. Ichoreni katika nusu ya magharibi ya ua, mlango ukitazama mashariki. (Wengi hugeuza mlango uelekee barabara kwa sababu wageni wanatokea huko. Msifanye hivyo.) Kutoka mlangoni hesabuni mita 9, hapo ndipo pazia. Chumba kinachobaki nyuma yake ni mita 4.5 kila upande, na mbao zilikuwa na kimo hichohicho. Patakatifu pa patakatifu palikuwa mchemraba, sawa na chumba cha ndani cha hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kila upande, na sawa na Yerusalemu mpya, mji wa Ufunuo 21:16.

Meza ya mikate iwe kaskazini, kinara kusini, madhabahu ya uvumba mbele ya pazia. Nje, madhabahu ya shaba ni mita 2.25 kila upande na kimo mita 1.35. Birika likae kati yake na hema; vipimo vyake havikutolewa, chora duara la kiasi.

Kisha wapangeni watoto kuzunguka ua kama kitabu cha Hesabu, sura ya 3: Musa na Haruni mashariki, kisha koo tatu za Walawi, yaani Wakohathi kusini, Wagershoni magharibi, Wamerari kaskazini. Chandarua cha ua kilikuwa na kimo cha mita 2.25, kwa hiyo aliyesimama nje hakuiona madhabahu, ila paa la hema aliliona likichomoza juu. Mungu alisema atakaa kati yao (Kutoka 25:8), na mpangilio wa kambi ulikuwa hivyohivyo.

Ni kweli kila mtu alitoa fedha sawa kwa ajili ya maskani? Ilifanya kazi gani?
*Mhazini wa usharika, Bukoba*

Ni kweli kwa fedha ya hesabu ya watu. Wanaume 603,550, wenye miaka 20 na zaidi, walitoa nusu shekeli ya fedha kila mmoja (shekeli na talanta ni vipimo vya uzito). Tajiri hakuzidisha, maskini hakupunguza (Kutoka 30:15). Jumla ni shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo ni talanta 100 na shekeli 1,775. Zile talanta 100 zilisubiwa vitako 100 (misingi ya kusimamishia mbao na nguzo), kila kimoja talanta moja: 96 chini ya mbao 48, na 4 chini ya nguzo za pazia. Piga hesabu uone: kila kitako ni nusu shekeli za watu 6,000. Shekeli 1,775 zilizobaki zikawa kulabu na vitu vingine vya nguzo za ua.

Lakini mhazini, usiitumie sura hii kupangia washarika mchango wa kiwango kimoja kwa kila jambo. Vifaa vingine vililetwa kwa hiari, hadi Musa akapiga marufuku watu wasilete tena (Kutoka 36:6).

Uza alitaka tu kuzuia sanduku la agano lisianguke ng'ombe waliovuta gari walipojikwaa (2 Samweli 6). Mbona alikufa?
*Msomaji, Mombasa*

Kosa lilianza kabla ng'ombe hawajakunguwaa. Wagershoni walipewa magari 2, Wamerari 4, Wakohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa vitu vitakatifu vilibebwa mabegani (Hesabu 7:9). Sanduku lilikuwa na pete na miti isiyoondolewa kamwe, na hata wabebaji hawakuruhusiwa kuligusa. Mfalme Daudi alilipakia kwenye gari jipya, na hilo lilikuwa wazo la Wafilisti (1 Samweli 6). Daudi alikuja kulikiri hilo mwenyewe, safari ya pili Walawi wakalichukua mabegani (1 Mambo ya Nyakati 15:13-15).

Tunahama jengo letu la zamani. Je, Mungu anabaki kule?
*Mzee wa kanisa, Goma*

Katika Ezekieli 10 na 11 utukufu wa Mungu ulitoka hekaluni hatua kwa hatua: kizingitini, lango la mashariki, kisha mlima ulio mashariki ya mji. Wakati huohuo Mungu aliwaambia waliohamishwa kwamba yeye mwenyewe atakuwa patakatifu kwao huko waliko (11:16). Paulo naye anaposema "hekalu la Mungu" katika 1 Wakorintho 3:16, analiambia kusanyiko zima. Hamisheni viti bila wasiwasi. Kama kanisa lenu lina ibada ya kuondoa wakfu wa jengo, ifanyeni kabla ya kulikabidhi kwa mnunuzi.