Re: Iringa ina mahindi tele, mbona watoto wanadumaa?

Ndugu, umeuliza kama kuongeza chakula Iringa na Njombe kutapunguza udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni. Mahindi kule si tatizo, mikoa hiyo ni kati ya ile inayolisha Tanzania. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta udumavu Iringa karibu asilimia 57 na Njombe 50, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Inauma sana.

Angalia bakuli la mtoto. Mama ametoka alfajiri kwenda shambani, mtoto wa miezi minane kaachwa na dada yake na uji wa sembe, mwepesi, umeshapoa, hauna karanga wala maziwa. Mayai yamepelekwa gulioni yanunue sabuni na chumvi. Maharage yameuzwa kwa gunia. Lori la mahindi litamfaa nini huyo mtoto?

Mimi ningeanza na kazi za mama: apunguziwe tangu akiwa mjamzito, apate nafasi ya kunyonyesha miezi 6 bila kumpa mtoto kitu kingine. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto afike miaka miwili, zikipita, kimo kilichopotea ni vigumu kukirudisha. Na baba aitwe kliniki pia, maana mara nyingi ndiye anayeamua nini kiuzwe na nini kibaki jikoni.