Ulicheka wapi? Kwa wanaoanza kuhakiki katuni

Uhakiki wangu wa kwanza wa katuni ulikuwa orodha tu. Nilipewa "Deep Space Homer", sehemu ya 15 ya msimu wa tano wa The Simpsons, katuni ya televisheni ya Marekani, iliyorushwa Februari 1994, nami nikakesha nikiwinda filamu za anga zilizotaniwa humo. Hapa wameiga 2001: A Space Odyssey, pale The Right Stuff, kule Planet of the Apes. Nikajaza kurasa mbili, nikajiona bingwa. Mhariri alisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Wewe ulicheka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeitazama katuni ya kuchekesha mara tatu, kalamu mkononi, bila kucheka hata mara moja.

Kwa hiyo kila anayekuja kwangu kujifunza kazi hii namwambia: mara ya kwanza tazama mikono mitupu. Ukicheka, kumbuka tu ni wapi. Kalamu ingoje mara ya pili.

Mara ya pili ndipo ujiulize kicheko kilitoka wapi. Chukua tukio la krispi. Homer, mfanyakazi mvivu wa kinu cha nyuklia, amepelekwa angani na NASA, shirika la anga la Marekani, kwa sababu watazamaji wa televisheni wamechoshwa na safari za wanaanga, na mtu wa kawaida huenda akawarudisha. Amepenyeza krispi chomboni. Anafungua pakiti, vipande vinatawanyika na kuelea, na wenzake wanaingiwa na hofu kwamba vitaharibu mitambo. Homer anajitolea kuvila vyote. Hapo inaanza walsi ya The Blue Danube ya Johann Strauss wa Pili, naye anajizungusha taratibu, mdomo wazi, akidaka kipande kimoja kimoja.

Aliyeiona 2001: A Space Odyssey, filamu ya Stanley Kubrick ya 1968, atakumbuka vyombo vya angani vikielea kwa muziki huohuo. Lakini asiyeiona naye anacheka, maana anachokiona ni kitambi kikipewa heshima ya mcheza dansi. Wachoraji hawakukonyeza jicho hata kidogo. Wameuchora ulafi kwa utaratibu na adabu ambayo filamu ile iliwekea vyombo vyake, na mzaha wote umo katika kukaza uso huko. Ukiandika "hapa wameiga Kubrick" ukasonga mbele, umesoma jina mlangoni bila kubisha hodi.

Kisha Homer anagonga sanduku la sisimizi waliobebwa kwa ajili ya utafiti, linavunjika. Sisimizi mmoja anaelea karibu kabisa na kamera. Duniani, mtangazaji Kent Brockman anaona kwenye skrini mdudu mkubwa kuliko binadamu, na papo hapo anaamini kwamba sisimizi majitu wameteka chombo na wanakuja kutuvamia. Hasubiri uthibitisho. Anawakaribisha mabwana wapya, na kuwakumbusha kuwa mtu maarufu kama yeye anaweza kuwasaidia kukusanya watu wa kufanya kazi katika mapango yao ya sukari. Hapa ndipo ningemjibu yule mhariri. Huhitaji kuwa umeona filamu yoyote ya anga. Inatosha kuwahi kumjua mtu mmoja anayejipendekeza kwa mshindi kabla vita havijaanza.

Jambo linalowapita wengi wanaoanza ni dakika za mwanzo, kabla ya roketi. Kule kazini Homer anatarajia zawadi ya Mfanyakazi Bora wa Wiki, na zawadi inakwenda kwa fimbo ya kaboni isiyo na uhai. Unacheka, unasahau. Karibu na mwisho Homer anavunja mpini wa mlango wa chombo, mwanaanga mwenzake anamjia juu, Homer anashika fimbo ya kaboni kama ile ili ampige nayo, na fimbo hiyohiyo inaufunga mlango na kuwaokoa wote. Magazeti yanaisifu nani? Fimbo. Ukitazama mara ya pili andika dakika ambayo kila kitu kinatokea kwa mara ya kwanza. Utashangaa ni vingapi vimepandwa mapema.

Ipo mizaha isiyofunguka bila maarifa ya nje. Buzz Aldrin ameigiza sauti yake mwenyewe, na anapotambulishwa kuwa mtu wa pili kukanyaga mwezi anajitetea kwamba wa pili huja mara tu baada ya wa kwanza. Msomaji aambiwe kwamba mwaka 1969 Neil Armstrong alimtangulia kushuka kutoka chombo cha Apollo 11. Sentensi moja, basi. Nimewahi kupokea uhakiki wenye aya tatu za historia ya Apollo na nusu aya ya katuni.

Filamu zilizoigwa uzitazame lini? Wengine husema kwanza. Mimi nasema baadaye, angalau kwa hii, ili ujue ni mzaha upi unasimama kwa miguu yake. Ila nikuonye: tangu siku ile siwezi kutazama kituo cha anga cha Kubrick kikizunguka kwa ile walsi bila kungoja krispi zipite.